Mkaa wa Kima Punju

Mwaka nilipopangiwa skuli ya msingi kusini mwa Unguja, Jozani ilikuwa imeshatangazwa hifadhi ya taifa, tangu 2004, na watoto wangu wa darasa la nne walikuwa majirani zake. Kima punju waliwaona kila uchao: barabarani, kwenye miti ya mikungu ya uani, juu ya minazi ya babu zao. Lakini nilipowaambia wachore mnyama wa kwao, karibu nusu ya darasa walichora simba. Unguja hakuna simba. Walikuwapo pia tembo na twiga, na nikatambua wametoka wapi: simba ni yule wa noti ya elfu mbili, tembo ni wa noti ya elfu kumi. Waliomchora kima walimpa ndizi mbivu mkononi.

Iliniuma. Kima punju hapatikani popote duniani ila Unguja, na wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba. Mtoto wa Ulaya hupanda ndege na wazazi wake kuja kumwona mnyama huyu, na mtoto anayeamka naye anamchora simba.

Nikaomba ruhusa, tukatoka asubuhi pamoja na mlinzi mmoja wa hifadhi. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna penseli wala daftari. Macho tu. Kila mtoto nilimpa kiungo kimoja cha kutazama. Huyu uso, huyu mkia, huyu mgongo, huyu mikono, na asiangalie kingine mpaka nimwambie. Walinung'unika kidogo, kisha wakatulia. Kundi la kima lilikuwa chini kabisa, kwenye matawi yaliyoinamia barabara, wanakula majani machanga bila kutujali.

Binti niliyempa mikono alikaa muda mrefu hasemi kitu. Mwishowe akaja kunivuta nguo. "Mwalimu, yule hana dole gumba."

Nikamwambia arudi akatazame tena. Akarudi, safari hii na wenzake watatu, na jibu likawa lile lile. Ni kweli: kwa kima punju dole gumba halipo, limebaki kinundu tu. Vidole vinne virefu hulishika tawi kama kulabu. Tuliporudi skuli kila mtoto alikuwa amekunja dole gumba lake, ananing'inia kwenye tawi la mwembe kujaribu. Sikuwakataza. Mimi naamini somo la sanaa ni somo la kutazama kwanza, na mkono hufuata. Darasa linalochora ili kupamba ukuta siku ya wageni linapoteza nusu ya faida yake.

Rangi za dukani hatukuwa nazo, na sikuzitaka. Watoto walileta udongo mwekundu, wakauchekecha kwa kitambaa. Chokaa tulipata kwa fundi aliyekuwa akijenga karibu, na mifuko mitupu ya saruji tukaipata kwake pia. Tukaipasua, tukaikung'uta vumbi, ile karatasi ya ndani ya kahawia ikawa ndiyo karatasi yetu. Uji mzito wa unga wa muhogo ulishikisha rangi isipukutike. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha. Nyekundu ya mgongo, nyeupe ya tumbo na ya nywele zinazozunguka uso, vyote vilipatikana. Ikabaki nyeusi ya uso na mabega, na kila mmoja alikuja na kipande cha mkaa kutoka jikoni kwao.

Hapo kijana mmoja, wa nyuma kabisa, asiyenyoosha mkono darasani, akasema: "Lakini mwalimu, kima nao wanakula mkaa. Kwetu wanauiba."

Wenzake wakamcheka. Mlinzi, aliyekuwa bado nasi, akasema kijana anasema kweli. Akawaeleza: majani ya mkungu na ya mwembe yana kemikali zinazomsumbua kima tumboni, na mkaa huzinasa, hivyo anapata kula chakula ambacho bila mkaa kingemdhuru. Watafiti walishaliandika jambo hilo miaka ya 1990. Akaongeza kuwa tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na tunda bivu lenye sukari linamletea shida. Waliochora ndizi wakatazamana. Kijana wa nyuma akageuza kipande chake cha mkaa vidoleni, akakitazama upya, kisha akaanza uso wa kima kwa uzito ambao sikuwahi kuuona katika daftari lake lolote.

Picha tulizitundika kwenye kamba ya makumbi, varandani. Siku ya pili akapita mzee mmoja, babu wa mmoja wa wanafunzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwalimu, unawafundisha watoto kumpenda mwizi wangu?"

Nikamkaribisha. Alikuwa na shamba la minazi jirani na msitu, na kima walikuwa wakila vidaka vyake, yaani nazi changa kabisa. Nikamweleza kwamba watafiti walipima mashamba ya upande ule, wakakuta kula vidaka hakukupunguza mavuno. Kwamba mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijawa vitale. Akanisikiliza kwa adabu. "Waje wahesabu shambani kwangu," akasema. Sikubishana naye, kwani anayelala na kuamka na hasara ana haki ya kuonyeshwa kwa mnazi wake mwenyewe.

Lakini hakuondoka. Alipita picha moja baada ya nyingine, mikono nyuma, mpaka akafika kwa ile ya mjukuu wake.

"Huyu mkia mfupi. Mkia wa kima unapita kiwiliwili."

Mjukuu akasema karatasi iliishia hapo. Babu akamwagiza kipande kingine cha mfuko, wakakibandika chini kwa uji wa muhogo, na mtoto akaurefusha mkia huku mzee amemsimamia, anamwonyesha kwa kidole ufike wapi. Kisha akanigeukia, akauliza mbona katika picha zote zile hakuna hata kidaka kimoja.

Wiki iliyofuata alitukaribisha shambani kwake, tukavichora.