Urari Ulionifunza Kuhifadhi Risiti

Ninasomea uhasibu jioni katika chuo kimoja hapa Nairobi, nikijiandaa kwa mitihani ya CPA, yaani ya kufuzu kuwa mhasibu wa kitaalamu, inayotungwa na KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya. Kila muamala huandikwa mara mbili, debiti upande wa kushoto na krediti upande wa kulia, utaratibu ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Mama, ambaye huuza mitumba katika soko la Gikomba, alipochukua robota la nguo kwa mkopo wa shilingi 12,000, nilimwonyesha kwamba manunuzi yanaingia debiti na akaunti ya aliyemkopesha inaingia krediti. Lakini kulingana kwa urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote ambapo jumla ya debiti hulinganishwa na jumla ya krediti, hakuthibitishi usahihi, kwa kuwa muamala uliosahauliwa kabisa hauachi tofauti yoyote; kwa hiyo sasa ninahifadhi kila risiti ya Mama.