Kuhamisha kota za utafiti: beba asilimia, acha hesabu

Kota (idadi ya wahojiwa inayotakiwa kwa kila kundi) za utafiti uliofanyika Arusha Jiji zinaweza kutumika tena Moshi au Rombo, ila si kwa kunakili dodoso zima na kubadilisha jina. Kinachohamishika ni muundo: makundi, kodi (namba zinazowakilisha majibu, kama 1 kwa mwanamume) na asilimia. Idadi ya wahojiwa hukokotolewa upya kila mradi.

Weka kota nje ya dodoso, kwenye faili moja la kota.csv lenye safu za kota_id (kitambulisho cha kila kota), mkoa, jinsia, kundi la umri, asilimia na lengo. Dodoso la ODK au KoboToolbox (programu za kukusanya data kwa simu au kishikwambi) litasoma lengo kwa pulldata, amri inayovuta thamani kutoka kwenye faili hilo. Mradi ukibadilika, unabadilisha faili tu. Chunga nafasi tupu mwishoni mwa kota_id: pulldata isipopata mstari hurudisha tupu bila kulalamika, na mdadisi anaendelea kuhoji kama kawaida.

Asilimia nazo zina chanzo chake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255 mkoani Arusha na 1,861,934 Kilimanjaro. Kwa sampuli ya 400, mgawo ni 223 na 177. Lakini hao ni watu wa rika zote, watoto wamo. Ukihoji wenye miaka 18 na kuendelea, chukua jedwali la umri, la sivyo uwiano wako ni wa watu ambao hutawahoji.

Kisha kuna kukadiria desimali ziwe namba kamili. Chukua makundi matano ya umri yenye asilimia 27, 26, 20, 14 na 13, sampuli 150. Unapata 40.5, 39, 30, 21 na 19.5. Ukipandisha nusu zote mbili, jumla ni 151. Kata desimali kwanza (149), halafu mpe mmoja aliyebaki kundi lenye desimali kubwa; zikilingana kama hapa, amua na uandike umeamua nini.

Kosa baya kuliko yote ni kodi. Mradi wa zamani 1 ni mwanamume, mpya 1 ni mwanamke: kota ya wanaume itafungwa na wanawake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Vivyo hivyo makundi ya umri: 18–24 na 25–34 hayazai 18–29.

Hesabu za waliokwisha kuhojiwa zianze sifuri, na mahojiano ya majaribio yafutwe kabla ya siku ya kwanza.

Longido au Ngorongoro, mtandao ukikatika, kishikwambi kimoja hakijui kingine kimefika wapi. Huko gawa kota kwa mdadisi: 60 kwa wadadisi wanne, 15 kila mmoja, na msimamizi ahamishe zilizobaki jioni data zikishatumwa. Maswali ya mchujo yakae mwanzoni kabisa. Kumwambia mtu wa Kiboriloni, aliyeacha meza yake ya mitumba dakika 40, kwamba kundi lake limeshajaa, ni kumkosea adabu.