Chombo kimoja, X moja: nilivyofundisha kasi ya mmenyuko

Nafundisha kemia kidato cha tatu katika shule ya kata. Mada ya kasi ya mmenyuko, yaani vitu vikichanganywa vinageuka vitu vipya upesi kiasi gani, nilikuwa naimaliza ubaoni: mkolezo (kukolea kwa kitu kwenye maji) ukiongezeka, kasi huongezeka. Wanakariri, tunasonga. Mwaka huu nikataka waone kwa macho yao.

Nikachagua jaribio la tiosalfeti ya sodiamu na asidi ya haidrokloriki. Ukivichanganya, salfa inajitenga taratibu na maji yanageuka kama tui jepesi. Unachora X kwenye karatasi, unaweka chombo juu yake, unachungulia kutoka juu, na X ikipotea unasimamisha saa.

Siku ya kwanza iliniuma. Vyombo havikutosha, kila kundi likachukua lilichopata, glasi nyembamba huku, bika pana kule. Kundi la mililita 30 za tiosalfeti likachelewa kuliko la 20, ingawa ndilo lilitakiwa kuwahi! Nililala na swali hilo. Asubuhi nikamimina chai ya rangi kwenye kisosi ipoe, nikaliona ua lililochorwa katikati yake. Kwenye kikombe sikuona kitako kabisa. Chai ni ileile, kilichobadilika ni kina. Katika bika pana mchanganyiko ulikuwa na kina kifupi, kwa hiyo X ilichelewa kufichika.

Tukarudia kwa bika moja, karatasi moja, na mchunguliaji mmoja. Madirisha yote wazi, maana salfa dioksaidi, gesi inayotoka kwenye mmenyuko huu, inakaba, na wenye pumu nikawakalisha nje kwenye baraza. Kila baada ya kipimo bika inasuguliwa, kwani salfa hung'ang'ania kitako.

Tulianza na mililita 50 za tiosalfeti bila maji, kisha 40 na maji 10, 30 na maji 20, hivyo hivyo hadi 10 na maji 40. Asidi ni mililita 10 kila mara.

"Mwalimu, maji ya nini tena?" binti mmoja akauliza.

Nikamwambia yanashika nafasi ya tiosalfeti iliyopunguzwa, ili kina na ukali wa asidi visibadilike. Anaijua chai iliyokolea sukari. Basi hapa tunapunguza kukolea kwa kitu kimoja tu. Chembe zikiwa chache katika nafasi ileile, vikumbo vinapungua kila sekunde, na vile vinavyozaa mmenyuko vinapungua pia.

Muda ukatoka hivi: sekunde 24, 31, 40, 62, 127. Salfa inayotosha kuficha X ni kiasi kilekile kila mara, kwa hiyo kasi tuliichukua kuwa 1 gawanya kwa muda. Tulipochora grafu, nukta zikajipanga karibu na mstari mnyoofu unaoelekea sifuri.

Yule binti alikuwa bado ameshika rula. "Mwalimu, 40 ni 31, 20 ni 62. Tumepunguza nusu, na kasi imekuwa nusu!" Sikuwa nimewaambia bado.