Mzee Ameondoka, Sasa Tunaogopana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili moyo umenilemea, na si kwa sababu ya kumzika Babu peke yake. Kumzika mtu wa miaka 94 kuna uchungu wake, ila kuna na shukrani ndani yake. Zaburi ya 90 inatupa sabini, na themanini tukiwa na nguvu. Yeye Mungu alimpa na nyongeza juu. Kinachoninyima usingizi ni yale yaliyofuata maturubai yaliposhushwa na viti vikarudishwa kwa mwenyewe.

Wengi wenu mlifika msibani Magomeni, mkasikia kila aliyeshika maikrofoni akisifia upole wake. Hawakutia chumvi. Alizaliwa mwaka wa nzige, 1931 kwa cheti chake cha ubatizo, akaingia mjini kabla ya Uhuru, akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Nyumba yake ni ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, wapangaji uani. Miaka ya themanini mwanzoni, wakati sukari na sabuni tunazipangia foleni duka la kaya, na unga ni ule wa njano tuliouita Yanga, Babu akipata mche wa sabuni hakuuingiza ndani. Aliuweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoa uzi mfukoni, akauzungushia mche na kuvuta ncha zote mbili taratibu mpaka sabuni ikakatika bila kumeguka. Kila mlango kipande kimoja, na wapangaji ndio walioanza kuchagua. Bibi akinung'unika kwamba watoto wetu ni wengi kuliko wa wenzetu, yeye alimjibu, "Maji yapo, wataoga." Basi, yameisha.

Alioa mara mbili, maana mke wa kwanza, mama yake baba yangu, alitangulia mbele za haki mapema. Kwa hiyo sisi ni matumbo mawili. Alipokuwa hai hukuthubutu kutamka "wa kambo" mbele yake. Leo neno hilo linatamkwa mchana kweupe. Hati ya nyumba inatafutwa, kundi la ukoo kwenye simu limezaa makundi mawili, na shangazi yangu anafunga chumba kwa kufuli akienda sokoni.

Nikarudi Mwanzo 50. Sote tunaijua habari ya Yusufu, wengine tangu shule ya Jumapili, lakini tunapenda kuishia pale anapojitambulisha kwa ndugu zake na kulia. Endeleeni mbele. Yakobo anakufa akiwa na miaka 147, wanaye wanampeleka Kanaani, wanamzika katika pango la Makpela, wanarudi Misri. Wamesafiri pamoja, wamelia pamoja. Ndipo wale ndugu wanaanza kunong'onezana: labda Yusufu atatuchukia, atatulipa ubaya wote tuliomtendea.

Hesabuni nami hapo. Yakobo aliishi Misri miaka 17. Miaka yote hiyo wamekula chakula cha Yusufu, wamechunga mifugo yao Gosheni, wamezaa na kulea kwa ukarimu wake, na bado hawajaamini kwamba wamesamehewa! Machoni pao Yusufu alikuwa anamstahi mzee tu, na mzee akishafukiwa, wema nao umefukiwa. Wakatuma ujumbe: baba yako aliagiza kabla hajafa, utusamehe. Maandiko hayatuonyeshi popote Yakobo akiagiza hivyo. (Wosia wa mdomo haukuanzia Magomeni.) Yusufu alipousikia ujumbe huo, akalia.

Mimi nadhani najua kilichomliza. Miaka 17 unamtendea mtu mema kwa moyo wako, kumbe yeye anaandika yote kwenye jina la baba yako.

Wapendwa, naomba niseme na mtanivumilia. Tulipoketi na Babu tulikuwa wapole sana. Tulipeana sahani, tuliitana ndugu, tulicheka. Ule upole ulikuwa wetu au ulikuwa wake? Kama ulikuwa wetu, mbona umekauka udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi? Kaka unayeshika maikrofoni na kulia kwamba "mzee alikuwa mtu wa watu", shangazi aliyemlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani usiku na kufua mashuka yake, mlimwita kwenye kile kikao chenu cha barazani? Mlimwambia apike chai. Hiyo ni dhambi, na sitaipamba.

Na tuache kutishana kwa kutojua. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, muhtasari unaandikwa, unapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi hajamilikishwa nyumba. Anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, na hesabu anairudisha mahakamani. Anaweza kuwa mwanamke. Nikiulizwa mimi, nitamtaja huyohuyo shangazi, ingawa yeye ni wa tumbo la pili na mimi ni wa tumbo la kwanza.

Ibrahimu naye, mtu wa miaka 175, alizikwa na Isaka pamoja na Ishmaeli. Mwanzo 25 inawataja wote wawili kwenye pango lilelile, bila kueleza nani alimpigia mwenzake goti. Lakini Yusufu tumeelezwa: aliwaambia msiogope, nitawalisha ninyi na watoto wenu. Alirudia ahadi ileile, safari hii baba hayupo wa kumwangalia. Yule ndiye ninayemwomba Mungu anifanye, maana hasira ninayo, tena nyingi, na baadhi ya maneno yaliyosemwa juu ya marehemu mama yangu bado yananichoma.

Kikao ni Jumamosi. Baba mdogo ameshasema hafiki, na simu hapokei. Kesho nikitoka kazini nitamfuata kwake Mbagala, nikae naye hata kama hataki kuongea habari za nyumba. Niombeeni nimkute, na niombeeni ulimi wangu. Mwenye nafasi ya kunisindikiza aniambie usiku huu.