Kabla ya vitanda, tuhesabu siku

Mwaka 2012, bahasha ya kura ilipofika nyumbani kwetu Kent, kusini mwa Seattle, niliijaza nikiwa nimesimama jikoni. Katika jimbo la Washington kura hupigwa kwa posta, kwa hiyo mtu huweza kuamua jambo zito huku maharage yakichemka pembeni. Pendekezo lilihusu kodi ya majengo ya miaka 9, ikianza na takriban senti 7 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba, ili Kaunti ya King ipate dola milioni 210 za kujenga upya kituo cha watoto na familia. Nilisoma maneno "watoto na familia", nikakubali. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ndani ya jengo hilo, pamoja na vyumba vya mahakama, ingekuwamo mahabusu ya watoto.

Kituo kilifunguliwa mapema mwaka 2020. Kilikuwa na vitanda 112, wakati jengo la zamani lilikuwa na zaidi ya 200, na mpango wa mwanzo ulitaka vingi zaidi ya hivyo 112. Vilipunguzwa katika miaka ambayo wakazi waliandamana na kesi ya kupinga kodi ile ikafika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo, ambako kaunti ilishinda mwaka 2018. Pamoja na kupunguzwa huko, katika mwaka huo wa kwanza wastani wa watoto waliolala humo kwa usiku mmoja haukufika nusu ya vitanda. Mwezi Julai 2020, Dow Constantine, aliyekuwa mkuu wa kaunti, alitangaza nia ya kuifunga mahabusu hiyo ifikapo 2025. Baadaye idadi ya watoto ikapanda tena, na mwaka 2024 baraza la kaunti likapiga kura ya kutaka ibaki wazi. Katika miaka yote hiyo jambo moja halikubadilika: watoto weusi, ambao ni takriban mmoja katika kila watoto kumi wa kaunti, wamekuwa karibu nusu ya wanaofungiwa. Kwetu sisi tuliotoka Afrika, hao ni watoto wa nyumbani.

Ninayaeleza haya kwa sababu kaunti nyingine, ambako mimi huenda mara kwa mara kwa shughuli za ukalimani na ambayo sitaitaja, sasa inapanga kupanua mahabusu yake ya watoto, na mazungumzo yamekwisha kuanza pale pale tulipokosea sisi: jengo liwe na ukubwa gani.

Idadi ya vitanda haitoki hewani. Wapangaji huchukua idadi ya watoto wanaoingizwa kwa mwaka, wakaizidisha kwa wastani wa siku ambazo kila mtoto hukaa, kisha wakagawanya kwa 365. Tuchukue mfano wa watoto 300 wanaokaa siku 15 kila mmoja: hizo ni siku 4,500, yaani watoto 12 au 13 kwa usiku, na juu yake huongezwa vitanda vya akiba kwa ajili ya siku za msongamano. Wakikaa siku 10 badala ya 15, wanabaki 8. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeachwa mtaani katika hesabu hiyo, wala hakuna sheria iliyolegezwa. Zimepungua siku 5 tu, na sehemu nzima ya jengo haihitajiki tena.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini mtoto anakaa siku zote hizo, hasa kwa kuwa wengi walioko katika mahabusu ya kaunti wanangoja kesi na bado hawajahukumiwa. Hapa Washington, anayepewa kifungo cha zaidi ya siku 30 hupelekwa kwenye vituo vya jimbo.

Majira ya baridi yaliyopita nilimsindikiza mama mmoja mwenye asili ya Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenda kumwona mwanawe katika mahabusu ya kaunti hiyo nisiyoitaja. Nilikwenda kama jirani, si kama mkalimani wa mahakama. Alikuwa amepika sombe na ugali, akavifunga katika bakuli la plastiki lenye mfuniko, akalizungushia taulo ili lisipoe. Mlangoni tuliambiwa chakula cha nyumbani hakiingii. Hakubisha. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha kungojea, bakuli likiwa mapajani, na kila afisa alipopita alinigusa mkono: "Ndugu yangu, muulize kama amekula." Kijana alipotoka, amevaa kandambili na soksi, mama alimtazama miguu kwanza.

Njiani kurudi alinisimulia jinsi siku za mwanawe zilivyoongezeka. Simu ya kwanza ilitoka namba asiyoijua, naye amezoea kutopokea namba za namna hiyo kwa sababu ya matapeli. Barua iliyofuata iliandikwa Kiingereza. Shauri likaahirishwa kwa kukosa mkalimani wa Kiswahili, na lilipoitwa tena, aliyekuja alizungumza Kiswahili cha Mombasa kwa kasi, mama akaona haya kusema kwamba maneno mengine yanampita. Kila tukio ni dogo. Ukiyajumlisha unapata wiki, na wiki hiyo itaingia katika jedwali la mshauri wa ujenzi kama ushahidi kwamba vitanda havitoshi.

Mambo hubadilika watu wanapoyasimamia mapema. Tangu Januari 2022, polisi wa jimbo hili hawawezi kumhoji mtoto aliyekamatwa kabla hajazungumza na wakili. Hiyo ni sheria iliyopatikana kwa watu kusimama mbele ya kamati, mmoja baada ya mwingine.

Mimi siamini kwamba kaunti inaweza kuishi bila mahali popote pa kumweka mtoto aliyemjeruhi mwenzake kwa risasi. Ninachokataa ni kumwaga zege kwa ajili ya siku zinazotokana na simu isiyopokelewa.

Katika mkutano ujao wa kaunti hiyo kuhusu upanuzi, kila mwananchi atapewa dakika 3. Nitaomba takwimu za siku za kukaa zitenganishwe, wanaohitaji mkalimani wasomwe peke yao, kabla mchoro wowote haujaidhinishwa. Mama wa Uvira naye ameandikisha jina. Ameniomba nimtafsirie, na ameniomba nisiharakishe.