Mishkaki ya Kondoo na Mvinyo wa Dumu, Sulmona

Treni ya Roma kwenda Sulmona, mji wa milimani katika mkoa wa Abruzzo, Italia, haina haraka. Ilipita Tivoli, ikapanda milima, ikaingia na kutoka kwenye mahandaki mpaka masikio yakaziba. Shemeji, Mwitaliano aliyemwoa dada yangu, alinipokea stesheni akiwa na dumu tupu la lita tano kwenye buti.

"Mama anapika," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mvinyo kwanza."

Nilidhani tunakwenda dukani. Kumbe ni ghala la ushirika wa wakulima, na mvinyo unatoka kwa pampu kama ya kituo cha mafuta: jamaa anachomeka mpira kwenye dumu, mita inahesabu. Lita moja yuro 2 na ushee. Ulikuwa Montepulciano d'Abruzzo. Shemeji akanionya nisichanganye: huku Montepulciano ni jina la zabibu, mji wenye jina hilo uko Toscana, mkoa mwingine, na mvinyo wake unatokana na zabibu nyingine, Sangiovese.

Mimi mtoto wa Dodoma, zabibu za Makutupora nimezichuma tangu utotoni, kwa hiyo nilionja kwa kiburi. Rangi nzito kama juisi ya choya, harufu ya zambarau, lakini mdomoni ukakasi mtupu, utadhani nimetafuna ndizi mbichi. Tena tumbo halina kitu. Nikaweka glasi chini.

Jikoni, mama mkwe wa dada alikuwa ametandaza unga uliokandwa kwa mayai juu ya chitarra, fremu ya mbao yenye nyuzi za chuma. Alipitisha mti wa kusukumia chapati, kisha akazipiga nyuzi kwa kidole, zikalia, tambi zikadondoka chini, kila moja na pembe zake nne. Hizo za kesho, Jumapili.

Chakula cha leo kilikuwa nje, kwenye jiko refu jembamba kama mfereji: arrosticini, vipande vya kondoo vidogo mno, nyama na mafuta kwenye kijiti kimoja. Chumvi tu. Mishkaki isiyojua tangawizi wala ndimu! Nilikula vijiti vinne, mafuta yakanigandia midomoni, ndipo nikairudia ile glasi. Ukakasi uleule sasa ulikuwa na kazi: ulisomba mafuta yote, ukaacha zambarau. Nikajimiminia tena bila kukaribishwa.

Nilipohesabu vijiti kwenye sahani yangu, 23. Dada akalivuta dumu upande wake.

"Kaka, tambi za kesho nazo zitanyweshwa nini?"