Kusikiliza magneta

Kazi yangu ni kutengeneza redio za meli pale Kilindini, kwa hiyo kelele za mawimbi ya redio nazijua: kreni, taa, jenereta. Ndiyo maana SGR 1935+2154 imeniteka. Ni magneta, yaani nyota ya nyutroni (kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa) yenye sumaku kali kupindukia, na hujizungusha mara moja kila sekunde 3.24.

Aprili 2020 ilichachamaa. Tarehe 28, darubini ya redio ya FAST kule Uchina ikiielekea, nyota ilifyatua miali ya gama mara 29. Kwenye redio, kimya. Siku hiyo hiyo baadaye, FAST ikiwa haiitazami (hili linaniuma mpaka leo!), mitambo mingine ya kunasa redio za angani, CHIME ya Kanada na STARE2 ya Marekani, ikanasa mlipuko wa redio, mkali ajabu, uliopita kufumba na kufumbua.

Walijuaje si kelele za hapa duniani? Elektroni zilizotapakaa baina ya nyota huchelewesha mawimbi: ya masafa ya juu (yanayotetema haraka zaidi) hutangulia, ya chini hufuata. Kreni haiwezi kuiga hilo. Kwangu mimi, ule ukimya wa mara 29 una thamani sawa na mlio wenyewe, maana umeonyesha kwamba mifyatuko mingi haiji na redio ya kunaswa.